Hedseti ya Uhalisia Pepe Isipoonyesha Kina: Dalili, Sababu na Marekebisho

Malalamiko ya watu kuhusu hedseti za uhalisia pepe hufanana mno. Mmoja anaona vitu viwili viwili, mwingine anasema picha ni bapa kama ya televisheni, wa tatu anasema dunia yote inamyumbia kana kwamba yumo ndani ya ngalawa. Karibu kila mmoja hufika akiwa ameshahukumu kwamba kifaa ni kibovu, na mara nyingi kifaa ni kizima kabisa: kimevaliwa vibaya, kimepangwa kwa macho ya mtu mwingine, au kinaonyesha video ambayo tangu iliporekodiwa haikuwa na kina chochote.

Ili kuitafuta hitilafu bila kubahatisha, inafaa kukumbuka kwamba ndani ya hedseti hakuna kina. Kuna skrini bapa sentimita chache kutoka machoni, kuna lenzi mbili, na kuna picha mbili zinazotofautiana kidogo, kila jicho na yake. Nyoosha kalamu mbele ya pua yako, ufumbe jicho la kushoto kisha la kulia kwa kupokezana, nawe utaona kalamu ikiruka huku na huku mbele ya ukuta ulio nyuma yake. Mruko huo ndio malighafi ambayo ubongo huitumia kupata kina. Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alilithibitisha jambo hili jijini London mwaka 1838 kwa michoro miwili na vioo viwili tu. Hedseti ya leo hufanya kazi ileile, ila huongeza jambo la pili, nalo ni kufuatilia mwendo wa kichwa ili ukisogea, vitu vya karibu vipishane na vya mbali kama inavyotokea barabarani. Karibu dalili zote zilizo hapa chini zinatokana na kasoro katika moja ya kazi hizo mbili, au na macho yenyewe.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote

Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu cha kusafishia miwani, kwa mwendo wa duara kutoka katikati kwenda pembeni. Usitumie spiriti, manukato wala karatasi ya chooni, kwa maana lenzi hizi ni za plastiki na huchunika upesi. Kisha vaa hedseti upya: mkanda wa nyuma ushike chini ya mfupa wa kisogo, nao uzito ugawanyike kati ya kisogo na paji la uso badala ya kuning'inia puani. Fungua menyu yenye maandishi madogo, usogeze hedseti juu na chini polepole mpaka maandishi yatakate, ndipo ukaze mkanda. Katika hedseti zenye lenzi za Fresnel, yaani lenzi nyembamba zenye mifereji ya duara, kama Quest 2 ya kampuni ya Meta, eneo la kuona vizuri ni jembamba, na kushuka kidogo tu kunatosha kuharibu kila kitu.

Baada ya hapo pima umbali kati ya mboni zako. Simama mbele ya kioo cha kujitazamia, weka rula yenye milimita juu ya nyusi, fumba jicho la kulia na ulinganishe sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, fumba jicho la kushoto, fumbua la kulia, na usome namba iliyo juu ya mboni yake. Rudia mara tatu. Kwa watu wazima wengi namba hiyo huwa kati ya milimita 54 na 74, na wastani ni kama 63. Iandike mahali, maana utaihitaji tena.

Dalili: vitu vinaonekana viwili viwili

Jiulize kwanza kama hali hiyo ipo kila mahali au ni ndani ya video moja tu. Ikiwa menyu kuu iko sawa na video ndiyo inayoonekana mara mbili, hedseti haina kosa. Video za kina hupangwa kwa namna mbili, picha mbili zikiwa bega kwa bega au moja juu ya nyingine, na programu ya kuchezea inapokosea kuutambua mpangilio huo, hukuonyesha vipande vilivyopandana au kuvutwa. Badilisha mpangilio kwenye mipangilio ya video, na tatizo kwa kawaida litaisha papo hapo.

Ikiwa kila kitu ni viwili, hata menyu, sababu iliyozoeleka zaidi ni lenzi ambazo hazijakaa mbele ya mboni zako. Quest 2 na Quest 3S zina nafasi tatu tu za lenzi, yaani milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu dogo linalosogeza lenzi kidogo kidogo, na PlayStation VR2 nayo ina kirekebishi chake. Hedseti inayotumiwa na familia nzima husahauliwa katika nafasi ya mtu wa mwisho, na mama mwenye milimita 58 akivaa baada ya mwanawe mwenye 68, atapata kichwa kuuma kabla hajajua kinachomsumbua. Kosa la milimita moja au mbili huvumilika, lakini likifika milimita tano macho hulazimika kufanya kazi ambayo hayakuizoea, na yakichoka huiacha, ndipo picha zinapoachana.

Kwa ganda la plastiki la kuwekea simu, ambalo bado ndilo lango la wengi katika uhalisia pepe, sababu ya kwanza ni simu kutokaa katikati. Mstari mwembamba unaogawanya skrini lazima ulingane na ukuta wa kati wa ganda, na simu ikihama kwa milimita tatu upande wa kushoto, macho yote mawili hupata picha isiyo mahali pake. Vua kava la simu ikiwa ni nene. Google ilitoa ganda lake la karatasi ngumu, Cardboard, mwaka 2014, na baadaye ikaweka msimbo wa kuskani uliobeba vipimo vya lenzi za ganda husika, kwa hiyo ganda lako likiwa na msimbo wa namna hiyo, uskani. Ganda lisilo na msimbo hutumia vipimo vya kukisia, na kukisia huko huonekana.

Likibaki tatizo, fanya jaribio la jicho moja. Ukiwa ndani ya hedseti, fumba jicho la kushoto. Ikiwa bado unaona kivuli cha pili cha maandishi meupe juu ya weusi, hilo halihusu kina hata kidogo, bali ni mwanga unaojirudia ndani ya lenzi, jambo la kawaida kwa lenzi nyingi. Vua sasa hedseti na usome kibao cha mbali kwa jicho la kulia peke yake. Kivuli kikiwepo hata hapo, jicho lenyewe linahitaji daktari, si hedseti kuhitaji fundi.

Jaribio la mwisho ndilo muhimu zaidi. Tazama ukingo wa juu wa dirisha la menyu huku ukifumba macho kwa kupokezana. Kuruka kushoto na kulia ni halali. Ukingo ukiruka juu na chini ilhali hedseti imekaa sawa usoni, kuna kasoro ambayo macho ya binadamu hayaivumilii, kwa sababu macho yetu yamezoea kujipinda kuelekeana na hayakuzoea moja kupanda huku jingine likishuka. Hedseti iliyowahi kuanguka na kuonyesha dalili hii ina lenzi au skrini iliyohama ndani. Acha kuitumia na uipeleke kwa fundi wa hedseti au kwa muuzaji. Usiifungue: vipimo vya lenzi na kamera huwekwa kiwandani, na bisibisi ya nyumbani haiwezi kuvirudisha.

Onyo: mtu anayeendelea kuona viwili viwili saa kadhaa baada ya kuvua hedseti aende kwa daktari wa macho. Ikiwa hali hiyo imekuja ghafla pamoja na maumivu makali ya kichwa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kutamka maneno, apelekwe hospitali mara moja.

Dalili: picha ni bapa, haina kina

Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna kina cha kuonyeshwa. Picha ya nyuzi 360 iliyopigwa kwa kamera ya kawaida hukuzunguka pande zote, lakini macho yote mawili hupewa picha ileile, na kukuzunguka si sawa na kuwa na kina. Fungua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya hedseti, yenye vitu vya kushika kwa mkono, uone kama kina kinarudi. Kikirudi, lawama ni ya picha.

Sababu ya pili ni umbali wa vitu vyenyewe. Kwa mtu mwenye milimita 63, kutazama kitu kilicho sentimita 50 mbele ya uso hufanya mistari miwili ya macho ikutane kwa pembe ya nyuzi 7 hivi. Kitu kikiwa mita 10, pembe hupungua hadi chini ya nusu nyuzi. Mtu anayeutazama mlima Kilimanjaro akiwa Moshi mjini hupata picha moja tu kwa macho yote mawili. Anajua kwamba mlima uko mbali kwa sababu ya ukungu, kwa sababu paa na migomba vimeufunika kwa chini, na kwa sababu anajua ukubwa wa vitu. Video ya hedseti iliyopigwa kutoka kileleni itakuwa bapa kwa haki kabisa. Rekodi nzuri ya kina ni ya mita moja hadi mita chache, kama mpishi aliyeinamia kaango au mshona viatu na nyundo yake, na wanaouza video za mandhari za kina wangetusaidia kama wangelisema hilo wazi.

Ya tatu ni upande mmoja kutofanya kazi. Fumba jicho moja, kisha jingine. Giza, ukungu mzito au rangi tofauti upande mmoja ni dalili ya lenzi chafu, kebo iliyolegea kwa hedseti za kompyuta, au skrini iliyokufa. Zima, chomoa, chomeka upya na uwashe. Ikibaki giza, hiyo ni kazi ya fundi.

Sababu isiyo ya kawaida, lakini ambayo watu huigundua kwa mara ya kwanza ndani ya hedseti, ni kwamba ubongo wa mtumiaji hauunganishi picha za macho mawili. Waliokuwa na makengeza utotoni, au jicho moja dhaifu ambalo halikutibiwa mapema, wanaweza kuishi miaka yote bila kina cha aina hii na wasijue, kwa kuwa vivuli, ukubwa na vitu kufunikana huwatosha. Mtu wa namna hiyo bado hupata kina ndani ya hedseti kwa kusogeza kichwa. Asimlaumu muuzaji, apimwe macho.

Dalili: kilicho karibu kinaonekana mbali, na cha mbali karibu

Picha zimebadilishana macho. Tafuta katika mipangilio ya video sehemu ya kubadilisha kushoto na kulia. Hakuna sababu nyingine inayostahili muda wako.

Dalili: watu ni vijidoli, au wewe ni jitu

Kwanza weka upya usawa wa sakafu. Hedseti hukadiria urefu wako kutokana na mahali inapodhani sakafu ipo, na ukiiwasha ukiwa umeketi kitandani inaweza kudhani kitanda ndicho sakafu, nawe ukabaki ukishangaa kwa nini meza inafika kifuani. Fuata hatua za kupanga eneo upya na uguse sakafu halisi kwa kidhibiti cha mkononi hedseti inapokuagiza.

Ikiwa sakafu iko sawa na tatizo liko katika video pekee, chanzo ni kamera. Lenzi mbili za kamera zikitengana zaidi ya macho ya binadamu, ubongo hudhani ni macho yako yaliyotengana hivyo, na hufupisha dunia yote ili hesabu ikubali. Mji uliopigwa kwa kamera mbili zilizoachana sentimita 20 huonekana kama mji wa karatasi uliowekwa mezani. Zikikaribiana kuliko macho, mambo huwa kinyume, na watu huonekana majitu. Mpangilio wa umbali wa mboni kwenye hedseti hauwezi kuirekebisha rekodi iliyokwisha kupigwa.

Dalili: vitu vya karibu vina ukungu na macho yanachoka

Hapa watu wengi hupoteza fedha bure kwa mafundi, kwa sababu hili ni umbile la hedseti zenyewe. Ukisogeza kitabu halisi karibu na pua, macho hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hujipinda kuelekeana, na lenzi iliyo ndani ya kila jicho hunenepa ili herufi zitakate. Mambo hayo mawili yamefungwa pamoja tangu utotoni. Ndani ya hedseti za kawaida, mwanga wote hufika kana kwamba unatoka umbali mmoja usiobadilika, kwa nyingi kati ya mita 1.3 na 2 hivi. Kwa hiyo kipepeo aliyechorwa sentimita 20 mbele ya uso huyaita macho yajipinde kwa sentimita 20, huku mwanga wake ukiitaka lenzi ya jicho ibaki kwenye mita moja na nusu. Ubongo unapokea amri mbili zinazopingana, na uchovu unaousikia baada ya dakika 15 za kusoma barua iliyosogezwa puani ni gharama ya kuzitii zote mbili.

Marekebisho ni ya tabia. Sukuma madirisha ya kazi na skrini za filamu mpaka umbali wa mita moja au mbili, kisha uyakuze kwa upana badala ya kuyavuta karibu. Pumzika kila nusu saa kwa kutazama nje ya dirisha. Programu inayolazimisha kutazama vitu chini ya nusu mita kwa muda mrefu imebuniwa vibaya, na dawa ni kuiacha.

Ukungu ukiwa wa kila mahali, hata kwenye vitu vya mbali, sababu ni nyingine. Asiyeona mbali bila miwani huhitaji miwani yake ndani ya hedseti pia, ingawa skrini iko karibu kabisa na jicho, kwa sababu lenzi zimeshaisogeza kimwanga mpaka mita moja na zaidi. Kwa upande mwingine, mzee anayehitaji miwani ya kusomea gazeti anaweza kuivua na akasoma herufi ndogo ndani ya hedseti bila taabu, jambo ambalo humfurahisha kila ninapoliona likitokea. Mwenye miwani aweke kitenganishi kilichokuja na hedseti, kama kipo, ili vioo visikwaruzane na lenzi. Mkwaruzo wa katikati haufutiki na huacha ukungu wa kudumu.

Kuhusu watoto: Meta huruhusu hedseti za Quest kuanzia miaka 10, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, na Sony inasema PlayStation VR2 si ya walio chini ya miaka 12. Mtoto hueleza uchovu wa macho kwa kuyafikicha kabla hajausema, basi tazama mikono yake.

Dalili: dunia inateleza, inatetemeka au inakuja nyuma ya kichwa

Kufuatilia kichwa ni tatizo la zamani kuliko skrini hizi. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland aliitundika hedseti yake darini kwa mkono wa chuma ili ajue mvaaji anatazama wapi. Hedseti za leo hutumia kamera zilizo usoni mwake, na kamera zinahitaji kuona. Futa kamera hizo. Washa taa, lakini usikae kwenye jua. Funika kioo kikubwa cha kujitazamia na dirisha linalong'aa usiku, kwa kuwa hedseti huchukulia vitu vilivyo ndani ya kioo kuwa vitu halisi. Ukuta mweupe mtupu nao huisumbua. Tundika kanga au picha mbili, na mara nyingi mtetemo hupungua palepale.

Kuna sababu inayowapata zaidi wanaoletewa hedseti na ndugu kutoka Marekani. Taa za umeme hupepesa kufuatana na umeme wa nchi, ambao huku Afrika Mashariki ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kule ni 60. Hedseti za Quest zina mpangilio wa masafa ya ufuatiliaji. Ukikuta umewekwa 60, uweke 50 au uuache ujiamulie wenyewe.

Kwa hedseti inayopokea picha kutoka kompyuta, kagua mwendo wa fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Kwenye hezi 90, kompyuta ina milisekunde 11 tu kwa kila fremu, na tangu kichwa kisogee mpaka picha ibadilike hazitakiwi kupita milisekunde 20 hivi. Punguza ubora wa michoro kwanza. Ikiwa unatumia Wi-Fi, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, iweke hedseti kwenye mkondo wa gigahezi 5, na kaa chumba kimoja na ruta.

Kwa ganda la simu, chunguza kama simu ina jairoskopu, kihisi kinachotambua simu inapogeuka; nyingi za bei nafuu hazina, na hapo dunia huyumba bila dawa. Hata zenye jairoskopu hujua kichwa kinapogeuka tu, hazijui kinaposogea. Ukiinama kuchungulia kitu, nacho kinainama nawe, na kile kina kinachotokana na mwendo hakipatikani.

Onyo: kichefuchefu na jasho jembamba ni dalili za kuvua hedseti wakati huohuo. Kujikaza ili uzoee huongeza tatizo. Usiendeshe pikipiki wala gari mpaka kizunguzungu kiishe kabisa. Mwenye historia ya kifafa asitumie kabla ya kushauriana na daktari, na yeyote aliyepatwa na degedege au kupoteza fahamu akiwa ndani ya hedseti asiirudie.

Dalili: doa au mstari usiofutika

Niliwahi kuiacha hedseti mezani karibu na dirisha, lenzi zikitazama juu, kwa muda wa kunywa chai ya saa nne. Jua liliposogea, lenzi ziliikusanya miale yake kama kioo cha kuwashia moto, na skrini ikabaki na mstari wa manjano uliopinda, palepale ninapotazama zaidi. Hakuna marekebisho ya hilo isipokuwa kubadilisha skrini. Ifunike hedseti kila unapoivua, hata kwa kitambaa.

Hedseti iliyovimba, inayonuka kemikali au inayopata joto ikiwa imezimwa ina betri mbovu: usiichaji, usiitoboe, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na umwite fundi wa vifaa vya elektroniki.

Unapompelekea fundi hedseti yoyote, mwandikie jicho lenye kasoro, kama dalili ipo kwenye menyu au kwenye programu fulani tu, kama hedseti imewahi kuanguka, na ile namba ya milimita uliyoisoma kwenye kioo.